Penseli ya Mama Gertrude wa Shituru

Wasikilizaji wapendwa, karibuni tuketi pamoja. Leo tunamkumbuka Mama Gertrude Ngoie, mama wa duka la fotokopi mtaani Shituru, aliyetuacha wiki iliyopita. Tuanze na swali lililowasumbua majirani zake miaka mingi. Mama huyu alinakili kila kitu: vyeti vya ubatizo, barua za kuomba kazi, matangazo ya misiba. Lakini silabusi, yaani kile kitabu cha somo ambacho mwanafunzi hununua kwa mwalimu mwenyewe, hakunakili hata ukurasa mmoja. Kwa nini?

"Buku ni ya ule aliandika," alikuwa akisema. "Miye siibi."

Basi alifanya nini? Aliazimisha. Wanafunzi waliomaliza walimwachia silabusi zao, naye akazipanga kwenye kabati la vyombo. Mumewe, Baba Georges, bado anacheka: "Tulikula mu sufuria, sababu sahani zote zilihamia chini ya kitanda!" Sharti lilikuwa moja tu. Silabusi haitoki bila penseli. Uandike pembeni jambo moja usilolielewa, na ujibu moja la aliyekutangulia. Shikeni sharti hilo, tutalihitaji.

Providence, binti wa mchimbaji, alikuwa mwaka wa kwanza wa masomo ya umeme. Mwalimu wake, Bwana Evariste, alikuwa na orodha. Aliyenunua silabusi mpya, jina lake limo. Asiyenunua, haingii mtihani. Providence aliisoma ile ya kuazima mpaka akaijua kwa moyo, lakini jina lake halikuwamo. Mwaka mzima ulikuwa unakwenda na maji. Mama Gertrude alimkuta analia mlangoni. Akakasirika, tena sana. Akafunga duka mchana kweupe, akabeba ile silabusi kuukuu, akamshika mkono binti, wakaenda kwa mwalimu.

Providence anakumbuka maneno yote. Mwalimu alisema: "Mama, weye ndiyo unakula mukate yangu?"

Mama akafungua ukurasa wa kumi na saba. "Professeur, angalia. Batoto makumi mbili banauliza kintu kimoya. Miaka sita! Bote ni bajinga?"

Mwalimu akasoma. Akavaa miwani, akasoma tena. Hesabu ya ukurasa ule ilikuwa na kosa, na kosa lilikuwa lake mwenyewe. Miaka sita wanafunzi walilimeza kimya kwa kuogopa orodha. Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Mama Gertrude alikuwa na ushahidi kabatini. Mwalimu akaomba penseli. Alisahihisha, kisha akaandika jina la Providence kwenye orodha. Providence akafanya mtihani. Na mwaka huo Mama akapata ruhusa, kwa mkono wa mwalimu, kunakili silabusi ile kwa bei ya karatasi tu.

Lakini kuna jambo nililolijua kilioni tu. Chini kabisa ya kabati ilikuwamo silabusi moja ambayo Mama hakumwazimisha mtu. Kumbe Gertrude naye aliwahi kusoma umeme! Miezi mitatu tu. Alikuwa akisomea kitabu cha rafiki, rafiki akahama, masomo yakaishia hapo. Kitabu hiki chake mwenyewe alikuja kukipata baadaye sana. Baba yake alikuwa mfanyakazi wa bwawa la Mwadingusha, ambako maji huzungusha turbine, mitambo ya umeme, na pembeni ya ukurasa wa kwanza Gertrude aliandika: "Maji ikisha kutoka ku turbine, inabakia na nguvu?"

Swali hilo halikuwa na jibu. Providence, ambaye leo ni fundi wa umeme, aliketi pale kilioni, akaomba penseli, akaandika chini yake: "Ndiyo, Mama. Inabakia kidogo. Bila ile nguvu maji ingesimama, na maji yenye kuja nyuma ingekosa njia."

Baba Georges, watoto na wajukuu, poleni sana. Tunalia pamoja nanyi. Nanyi wasikilizaji mliomaliza shule, silabusi zenu ziko wapi, na nani anazisubiri? Kabati la Shituru liko wazi. Baba Georges ameniambia niwakumbushe: mje na penseli.