Sajini Galgallo na Dakika Kumi na Tisa za Tarbaj

Ijumaa hii, tarehe 28 Novemba, Sajini Mwandamizi Galgallo Roba anavua sare baada ya miaka ishirini na sita ya utumishi. Hapa kambini Garissa tunampongeza huku roho zikiwa juu juu.

Alizaliwa Hadado, kwa wafugaji wa ngamia. Aliingia jeshini kama dereva, kisha akahamishiwa kwenye redio ya gari la amri, ambamo mkuu wa doria hupokea habari za magari ya deraya yaliyotangulia kupeleleza. Kazi yake ilikuwa kujua kila gari liko wapi. Hata akimpigia simu mkewe, Hawo, humtaka arudie ujumbe. Siku moja tulimsikia Hawo akijibu, "Sukari kilo mbili, nimekupata. Sasa niache nipike."

Wapya hawajui yaliyotokea Tarbaj. Asubuhi ile Luteni Abdisamad alitangulia na deraya mbili. Saa nne redio yake ikakatika. Lililosikika ni neno "maji" tu. Muda si muda mlinzi akaona vumbi likija kutoka mashariki, upande uliohofiwa kuwa na adui. Meja Duale, mkuu wa doria, mwenye watu sitini wa kulinda, akaamuru mizinga ielekezwe huko.

Galgallo aliinamia ramani. Hapo walipokuwa hapakuwa na tone la mvua, lakini ilinyesha mbali, na kama korongo alilovuka Luteni asubuhi limejaa maji, njia ya kurudi ni kuzunguka mashariki. Akasema kwa sauti ya chini, "Afande, hao ni wetu. Nipe muda niwaite."

Meja alimpa muda, ila mizinga haikugeuzwa. Galgallo aliita mara ishirini na moja bila jibu, na vumbi lilizidi kukaribia. Akaomba irushwe fataki ya kijani, ishara waliyokubaliana na waliotangulia. Kuirusha kungefichua walipo. Meja alisita, akakubali. Dakika ya kumi na tisa tangu vumbi lionekane, fataki ya kijani ikapanda kutoka kwenye vumbi.

Deraya ya kwanza ilifika antena ikiwa imevunjika. Dereva wake nilikuwa mimi. Galgallo alitugusa mabega mmoja mmoja akituhesabu, kisha akaenda kuketi nyuma ya gari. Nilimpelekea chai, akaiweka chini bila kuinywa.

Tangu hapo amefundisha waendesha redio thelathini na wanne. Kiti chake anakirithi Koplo Bilan, ambaye juzi alimuuliza atafanya nini siku gari lisipojibu. Sajini akamwambia, "Endelea kuita."

Asante, Sajini. Mola akujalie afya, wewe na Hawo, na akurudishie usingizi uliojinyima ili sisi tulale. Jumatatu deraya zinatoka tena, na kwa mara ya kwanza hatutasikia sauti yako ikituuliza tuko wapi.