Kikombe cha Plastiki

Ndugu zangu, karatasi hii nimeiandika mara tisa kwa kuogopa kukosea. Mnivumilie.

Mnanijua kama fundi simu, niliyejifunza mwenyewe kwa kuharibu simu zenu. Hamjui kwamba mimi ni Mtwa, wa kabila linalodharauliwa. Mliotoka Kivu na Burundi mnaelewa: kwetu, Mtwa hapewi kikombe wanachonywea wengine.

Nilifika Durban nina miaka kumi na mitano. Vijana wa kwetu walinicheka mpaka nikaacha shule, nikaanza kuvuta whoonga, yale madawa ya kulevya, pale bustani ya Albert Park. Mama mmoja, tena yuko humu kanisani leo, alinikuta kwenye benchi. Alikunywa chai yake nusu, akanipa kikombe kilekile.

"Kunywa, mwanangu. Iko na sukari mingi."

Alirudi kila Jumamosi mpaka nikaacha kuvuta. Nikahamia mtaa mwingine, nikanyamaza kuhusu kabila langu. Baadaye mkanichagua niwe kaka wa kuongoza vijana wa kanisa. Nawaambia, hapo ndipo nilipoanguka kweli.

Mwaka jana alikuja binti wa miaka kumi na sita, Mtwa, ameacha shule kama mimi. Wakati wa chai kijana mmoja akaninong'oneza, "Eish, kaka, huyu Mtwa atakunywa na sisi?" Wengine wakacheka. Niliogopa nikimtetea watanichunguza na mimi, wanijue. Basi nikamtafutia kikombe cha plastiki, chake peke yake. Sisi tukanywea vikombe vya kanisa.

Alikitazama. Akakiweka mezani, akatoka.

Nilimtafuta miezi mitatu. Nikamkuta Albert Park, macho mekundu, anavuta.

"Dada, mimi pia ni Mtwa."

Akacheka bila furaha. "Nilijua siku ya kwanza, kaka. Ndiyo maana niliumia."

Ni yule mama tena aliyemshika mkono, si mimi. Binti amerudi, ameacha kuvuta, anasoma. Lakini chai yetu hajainywa hata siku moja, na kosa ni langu.

Mama, asante kwa sisi wawili. Nilichojifunza ni hiki: kijana akija kwetu, anatazama mikono yetu kabla ya kusikia mahubiri.

Chai inaletwa sasa hivi. Nitakunywa nusu, nimpe huyu binti kwanza kikombe changu. Akikataa, nitaelewa. Nyinyi wengine kikiwafikia, nawaomba msikatae.