Kucha ya Mzee Cherehani

Benchi letu liko mlangoni pa chumba cha kushonea cha Mzee Cherehani, na birika la kahawa ni langu, kwa hiyo habari za hapa msimuulize mwingine. Asubuhi ile mzee alivua kiatu akatuonyesha mguu. Jamani, kucha ya kidole gumba ilikuwa nene, ya njano, inamomonyoka pembeni kama kipande cha sabuni. Mzee anaumwa sukari mwaka wa kumi na mbili huu, na siku hiyo ndiyo ilikuwa siku yake ya kliniki. Akaapa haendi. Eti anaona haya, daktari atamwambia avue viatu.

Basi kijiwe kikachangamka. Kinyozi, ambaye hana jambo asilolijua, akasema hiyo si fangasi hata kidogo. Ni sukari yenyewe, imejaa damuni, imeshuka mpaka chini, imekosa pa kutokea, ikaganda kuchani.

— Chanda chema huvikwa pete, akamalizia, nasi tukatikisa vichwa kana kwamba ametoa dawa.

Spana, fundi baiskeli, akapinga. Kwake ile ilikuwa kutu, imeletwa na jasho la kiatu.

— Na kutu inapigwa tupa. Samaki mkunje angali mbichi. Lete mguu, mzee.

Mzee akacheka, akasema apige tu, kidole chenyewe wala hakiumi. Alijivunia hilo, na sisi wajinga tukamsifu kwamba yeye ni chuma.

Tupa ikatoka. Kinyozi akaudaka mkono wa Spana, anataka atangulie yeye na wembe wake. Wakavutana, kiwiko kikapiga birika, na kahawa yote, iliyotoka jikoni sasa hivi, ikamwagikia mguu wa mzee. Tukaruka sote. Mimi nilipatwa na matone mawili tu, nikapiga ukelele wa aibu.

Mama mmoja aliyekuja kuchukua gauni lake alikuwa amesimama hapo. Akautazama mguu unaofuka mvuke, kisha uso wa mzee, ambaye bado alikuwa anacheka.

— Mbona yeye hajaruka?

Kinyozi akainama. Nikachukua ndoo, nikaanza kuumwagia mguu maji baridi. Mzee aliutazama kama mguu wa mtu mwingine, na kicheko kikamwisha.

— Spana, lete baiskeli unipeleke kliniki.

— Nikuvishe kiatu kwanza?

— Kiache. Daktari auone wote.