Mistari Mitatu Nyuma ya Kabati la Dawa

Mheshimiwa Waziri wa jimbo mwenye kuangalia mambo ya nishati. Waheshimiwa wabunge wetu wa Maniema. Bwana Direkta wa shirika la umeme. Shehe wetu, na Baba Padri uliyekaa karibu naye. Madaktari, wauguzi, wamama wakunga. Ndugu mliotoka Kibombo na Tunda kwa pikipiki, vumbi bado kwenye nyusi. Na wewe mwenyewe, Shemeji Philomène, mkunga wetu tunayekuaga leo, mwenye siku: salamu zangu zimfikie kila mtu kwa cheo chake, na yule niliyemsahau ajue nimemweka moyoni.

Mimi ni Asumani, mdogo wake marehemu Ayoubu, mume wa Shemeji. Kindu nzima inaniita Mjomba. Familia imenichagua kwa sababu mimi njo muntu wa kusema. Shule niliiachia darasa la sita, si kwa ujinga: mwalimu alikuwa amemaliza yote aliyoyajua. Nimeombwa nifupishe, maana jenereta inayolisha hii mikro ninayosemea imebakiwa na mafuta ya mazuti kidogo.

Miaka thelathini na moja Shemeji amepokea watoto kwenye hii materinite. Nikitazama hapa mbele naona vichwa visivyopungua kumi alivyovishika yeye kabla ya mama zao. Mheshimiwa mmoja, jina nalihifadhi, alitoka miguu kwanza, na mpaka leo njo namna yake ya kuingia kwenye mjadala.

Vijana, ninyi hamkuona mji wa Kalima, ule wa utoto wetu. Baba alifanya kazi kwenye kampuni ya bati. Maji ya mto yalizungusha mashine, na umeme ulikuwa mwingi hata kuku wetu walikataa kulala. Jogoo mmoja aliwika siku nne mfululizo akafa kwa uchovu. Ni mimi niliyemzika. Nani wakati ule alituomba mazuti? Nani alijua bei yake?

Halafu vita. Reli ikakatika, barabara zikafungwa, jenereta ya materinite ikanyamaza. Wengi mmenisikia nikisimulia: Asumani alichukua dinamo ya lori lililoungua, rimu ya baiskeli, na vikopo vya mafuta ya msaada, akavikata viwe vijiko vya kukinga maji, akatega gurudumu lake kwenye kijito hapa chini, na ndani ya siku tatu taa ikawaka. Nimesema pia kwamba mamba wa Lualaba walihama wakiogopa ule mwangaza. La mamba nalisimamia. Zile siku tatu, leo nazirudisha.

Shemeji anacheka. Mwacheni acheke, anajua.

Ukweli njo huu. Ile taa aliniomba miezi miwili mizima. Kila asubuhi nikifika kula kwa kaka yangu, aliniuliza:

"Asumani, taa iko wapi?"

"Inakuja, Shemeji. Pale itakapowezekana."

"Itawezekana siku gani?"

"Kazi ya fundi haina siku."

"Na hilo tumbo unaloniletea hapa, mbona lenyewe halikosi siku?"

Tulicheka. Dinamo nilikuwa nayo. Rimu nilikuwa nayo. Vyote vilikuwa chini ya kitanda changu, nikivionyesha kwa wageni.

Ndipo ikafika zamu ya Rehema, dada yangu wa pekee. Amekaa pale, mwenye kitambaa cha kijani, asubuhi ameniambia, "Sema, Asumani, nimekuruhusu." Alizaa kwa kibatari cha mawese. Mtoto alitoka mzima. Damu haikusimama, na Shemeji alishona kwa kupapasa, moshi machoni. Rehema alipona. Mtoto mwingine hakupata tena. Kindu nzima inaniita Mjomba. Wa damu yangu anayeniita hivyo ni mmoja tu.

Siku iliyofuata Shemeji hakuniuliza kitu. Alinishika mkono, akanipeleka kwenye ukuta wa hii materinite, akachukua kaa la moto lililozimika, akachora mistari saba.

"Hawa wanawake saba, mimba zao zimefika. Kila atakayezaa gizani, nafuta mumoja. Yote ikifutika, kwangu usikanyage tena."

Hakupiga kelele. Ningependa angepiga.

Nilianza mchana uleule. Ilinichukua siku kumi na moja. Mistari minne ilifutwa nikiiangalia. Kisha balbu ya lori ikawaka, nyekundu kama pilipili, ikageuka njano, na Shemeji akasema, "Sasa naona mikono yangu." Sijapata sifa nyingine kama ile, na mnajua sifa mimi najitafutia mwenyewe.

Tulikuwa na njaa siku zile. Lakini mtaa mzima, Waislamu na Wakristo, ulikuja kukaa hapa nje kuitazama ile taa, kama leo watu wanavyotazama mpira, na kaka Ayoubu akiwapisha wazee viti. Gurudumu lilichukuliwa na mafuriko baadaye. Mistari mitatu iliyobaki iko mpaka leo, nyuma ya kabati la dawa. Wapaka rangi wamefukuzwa mara mbili.

Kwa nini nasema haya siku ya kumuaga mkunga? Kwa sababu Alhamisi Waheshimiwa mnapiga kura. Redio imetusomea ile sheria ya jimbo: ndani ya miaka minane, nusu ya umeme unaouzwa Kindu utoke kwenye maji na jua, na kila mwaka shirika lije mbele yenu kuonyesha limefika wapi. Nikafurahi. Halafu nikasikia kuna pendekezo la kufuta ile miaka minane, mahali pake paandikwe "pale itakapowezekana." Waheshimiwa, nilisimamisha baiskeli katikati ya barabara. Hayo maneno ni yangu! Nani aliwapa?

Bwana Direkta, sikutukani. Najua mashine ya maji hainunuliwi sokoni kama mihogo. Lakini namjua fundi. Hakuna fundi wa kunishinda Maniema nzima, hilo halijabadilika. Na hata mimi, bila siku kuandikwa, nilikaa miezi miwili na dinamo chini ya kitanda.

Shemeji, kesho unamwachia kazi mkunga mwenzio Malaika, na pamoja na kazi unamwachia hii jenereta inayokohoa nyuma yangu. Kijito bado kinapita hapo chini. Familia inakushukuru, na mimi nakuomba radhi mbele ya watu, jambo ambalo mashahidi wataliita muujiza.

Asanteni nyote kwa kuniazima masikio yenu. Mkimaliza kula, vijana wetu Didier na Jacques watalisogeza lile kabati, kila Mheshimiwa apite aone mbele ya Alhamisi. Kaa nimeliweka pale chini, kwa atakayetaka kuchora wanawake watakaozaa hapa miaka hii minane. Malaika ameshapiga hesabu. Anasema ukuta hautatosha.