Samaki wa Remya

Kwenye basi la Thrissur, Mama Sarojini alimkuta mganga Kunjappan ameketi mbele yangu. Akamsukumia bintiye Remya kando yake, akajibana naye, kisha akalipuka. “Mzee, mafuta yako ya mwarobaini ni upuuzi mtupu! Mwezi mzima nampaka huyu, nimemnyima samaki na mtindi kama ulivyoagiza, na bado mweusi tii!”

“Muwasho je?”

“Umekwisha. Nani kakuuliza muwasho? Wanaomposa wanakuja kumwona Jumapili!”

“Mama, mimi natibu ngozi. Ukitaka kupaka chokaa, tafuta fundi rangi!”

Hata konda aliacha kukata tiketi.

Remya, katikati yao, akavuta kamba ya kengele. Basi likasimama.

“Wewe! Hapa si kwetu!”

“Najua, mama. Nashuka kula samaki.”