Ratili Nne na Nusu

Sogeeni, wanangu, na wewe Dwight zima hiyo televisheni, maana pumzi niliyobakiwa nayo siigawani na mpira. Daktari kasema zimebaki siku chache. Mimi nimemwambia nitakufa nikishamaliza kusema.

Nyumba ni ya Dwight, pamoja na paa lake linalovuja. Gari la mizigo ni la Rhonda. Nililowaitia hasa ni bunduki ile iliyoegemea kabati, ambayo nimeingia nayo mashindano ya shabaha kila kiangazi kule ziwani Erie, na ambayo Dwight, mama yake angali hai, ameshainunulia kifyatulio kipya. Nilikiona juu ya meza ya jikoni mkinipeleka chooni. "Mama, hiki cha kisasa laini kama siagi, unagusa tu, imelia! Hicho chako kinakwaruza kama mlango wa ghala." Ndivyo ulivyosema, mwanangu, nami nakubali kinakwaruza. Ukikivuta hutembea kidogo bure, kisha hugota, na hapo unatulia, unashusha pumzi, ndipo unakaza kidole. Lakini mchagua jembe si mkulima. Wewe umeshabadilisha vifyatulio vitatu, na karatasi yako ya shabaha bado ni kama imepigwa na mvua ya mawe.

Basi sikilizeni habari ya Merle Kettering, aliyekuwa mwamuzi wa klabu yetu. Mnajua kwamba katika mashindano yetu kifyatulio lazima kibebe ratili nne na nusu bila kufyatuka: bunduki ikiwa tupu, mwamuzi hutundika jiwe la mizani kwenye kifyatulio, nawe unaiinua bunduki wima. Mwaka ule nilipowashinda wanaume wote, Merle alinirudisha mezani mbele ya watu. "Huyu mama kakilegeza! Kidole cha mwanamke hakiwezi uzito huo." Nikainua, jiwe likaning'inia, wala hakikulia kitu. Nikamwambia, "Ongeza na kofia yako, Merle." Watu wakaangua kicheko, naye kwa hasira akamgeukia Rhonda, wakati huo binti wa miaka kumi na mitano aliyekuwa akinizidi shabaha: "Na wewe nenda kaoshe vyombo!" Rhonda hakukanyaga tena uwanjani, na hilo limeniuma kuliko mapafu haya.

Jana mchungaji kanisihi nimsamehe Merle. Mwenye kovu usidhani kapoa. Akija mazishini mpeni kiti, mpeni na viazi vya kuoka kwa jibini, lakini mkono wake usiguse jeneza langu. Nitabebwa na watu wanaojua kukubali matokeo.

Bunduki ni ya Rhonda. Usikunje uso, Dwight. Nawe Rhonda acha kutikisa kichwa, najua utaniambia, "Mama, mimi nimeshasahau." Hujasahau, nakuona unavyoitazama ukipangusa vumbi. Kifyatulio utachagua mwenyewe. Ukipenda hiki changu, kibaki. Ukipenda cha siagi, Dwight atakufungia na hatatia neno, ilimradi kibebe ratili zake nne na nusu, kwa sababu kiangazi hiki utakwenda ziwani, na sitaki mtu apate la kusema. Mimi nisingekibadilisha hata kwa shamba zima, ila kidole kitakachovuta si changu.

Ilete hapa... Fungua, mwonyeshe ndugu yako kuwa chemba ni tupu. Naye aangalie mara ya pili. Sasa elekeza kwenye ukuta wa matofali, lile doa jeusi ndiyo shabaha yako. Usikivizie kilie, kaza tu taratibu, kikushtue... Hapo. Umeona mkono haukutetemeka?

Nipeni mikono yenu... wewe mmoja, Rhonda, wa kulia una kazi. Mungu awatunze. Mpendane, mgombane mezani, mmalize mezani. Msiinamie mtu... asiyestahili.

Vuta tena, binti yangu. Tena... Usinitazame mimi, tazama shabaha.