Dastani Nnunduma na Wimbo wa Sita

Baba paroko, wazee wetu, akina mama, na ninyi ndugu zetu wa msikitini mliochimba kaburi hata kabla sisi wenye msiba hatujafika kutoka Ruangwa, shikamooni na poleni. Familia imempa kazi mdogo wa marehemu, Brighton, awasomee maisha ya kaka yake. Brighton si msemaji, na kaka yake alimwambia hivyo mara nyingi mbele za watu. Lakini kuna jambo ambalo lazima lisemwe leo kabla ya udongo, na ruhusa ya kulisema tumeiomba na tumepewa. Mtuvumilie mpaka tufike hapo.

Dastani Amedeus Nnunduma alizaliwa tarehe 14 Machi 1974 hapa hapa Chiola, wilaya ya Nachingwea, mtoto wa kwanza wa mzee Amedeus Nnunduma, mkulima wa korosho, na mama Marselina, ambao wote wametangulia. Alipokuwa na miaka sita mama alijifungua Brighton akaugua, akalazwa Nachingwea mjini karibu msimu mzima. Kichanga kikapelekwa kwa shangazi, baba akabaki na shamba, na Dastani akachukuliwa na jirani, bibi Biasha Masoudi. Hakuna aliyeuliza huyu Mkristo na yule Mwislamu. Mtoto alikuwa na njaa, basi. Bibi Biasha alimlisha ming'oko, vile viazi vya porini, akamwogesha pamoja na watoto wake, na akamchapa pamoja nao alipostahili. Wengi mnajua pia kuwa bibi ni kungwi, ndiye anayewafunda wasichana wanapowekwa ndani. Mwaka ule wasichana waliwekwa nyumbani kwake, chumba cha pili, wakiimbiwa usiku. Ukuta ulikuwa wa fito na udongo, na mtoto wa kiume wa miaka sita aliyejikunja kwenye mkeka hakuna mtu anayemhesabu.

Alisoma shule ya msingi hapa Chiola kuanzia mwaka 1982 hadi 1988, kisha sekondari Nachingwea, akamaliza mwaka 1992. Darasani alikuwa wa katikati. Alichokuwa nacho ni sikio. Baba alinunua redio ya mkulima, ikaharibika wiki ya pili, na Dastani aliifungua mezani akaiweka vipandevipande. Baba alitafuta fimbo. Aliporudi nayo redio ilikuwa inaimba, na skrubu tatu zimebaki mezani hazina kazi. Mzee alisimama na fimbo yake pale, akacheka mpaka akakaa chini.

Mwaka 1995 alihamia Ruangwa akafungua kibanda cha fundi redio karibu na stendi, na baadaye akaongeza spika za kukodisha kwa harusi, mikutano na misiba. Spika mnayosikia sasa hivi ni yake. Kila Jumapili alipiga kinanda kanisani na kufundisha kwaya. Huko kwenye kwaya ndiko alikomwona mwalimu Laurencia, aliyepangiwa kazi Ruangwa kutoka Karagwe, mgeni kabisa wa mila zetu, na aliyekuwa akiimba sauti ya pili kwa kujiamini kuliko ilivyostahili. Walifunga ndoa tarehe 6 Oktoba 2001. Mungu aliwajalia Aneth na Amedeus, na mmoja aliyeishi siku chache tu.

Sasa tufike kwenye albamu. Mwaka 2016 Dastani aliamua kurekodi peke yake. Kwaya ilinuna, na yeye akasema amechoka kusubiri watu wanaochelewa mazoezi. Akaenda Dar es Salaam, akarekodi na waitikiaji wa kule kule, akarudi na albamu ya nyimbo nane aliyoiita Vumbi la Njiani. Laiti angeufanyia mazoezi wimbo mmoja tu mbele ya akina mama wa kwaya yake! Wangemzuia dakika ile ile, hata bila kumwambia sababu. Lakini alitaka iwe ya peke yake, na ikawa ya peke yake kwelikweli.

Redio moja ya huku ilimwita aeleze nyimbo zile alizitoa wapi, na alieleza vizuri. Wa kwanza aliutoa kwa baba, alivyokuwa akirudi shambani kupuliza unga wa salfa kwenye mikorosho, mweupe nyusi na kope, anaomba maji kabla ya salamu. Wa tatu ulitoka kwenye ufuta wa jirani yao ulionyeshewa na mvua ukiwa umeshakatwa. Wa tano ni wa yule mtoto wa siku chache, na Laurencia hajawahi kuusikiliza hadi mwisho. Alipofika kwenye wa sita, "Nifungulie Bwana", sauti ilimpanda. Alisema huo hakuutunga. Alikuwa kwenye pikipiki anatoka Nachingwea kwenda Ruangwa, tuni nzima ikamshukia kichwani, akasimama pembeni ya barabara analia. Huo, alisema, alipewa na Roho Mtakatifu mwenyewe.

Uzinduzi ulifanyika Jumapili, tarehe 25 Septemba 2016, Nachingwea mjini, na Chiola nzima ilikwenda. Wimbo wa sita ulipoanza, wanaume tuliruka. Mwalimu Laurencia alicheza mbele kabisa, mikono juu. Akina mama wa huku, Wakristo na waalikwa Waislamu, waliinamisha vichwa mmoja baada ya mwingine wakajifunika khanga usoni, na mabega yakawa yanatikisika. Dastani akaona wameguswa. Jamani! Akashika maiki akapaza sauti: "Akina mama, Roho anatembea! Turudie!" Akarudia. Mama yake mzazi alitoka nje akapanda gari la kwanza la kurudi kijijini.

Ule wimbo ukashika. Ukaingia kwenye simu za bodaboda, ukapigwa kwenye minada ya korosho, na yeye mwenyewe akauweka kibandani tangu asubuhi. Akashangaa wanawake wa sokoni wanavuka barabara kupita upande wa pili, na wasichana wakubwa wakimwona wanashikana mikono na kukimbia wakicheka. Mwezi mzima mama hakupokea simu yake. Mwisho akaja mwenyewe Chiola.

"Mama, nimekukosea nini?"

"Kale kawimbo ka sita," mama alisema. "Katoe."

"Kwa nini? Watu wanakapenda."

"Wanaume wanakapenda. Wanawake wamekuambia wanakapenda?"

Dastani akafikiri. Hakuna hata mmoja.

"Ule mwaka ulilala kwa Biasha," mama akasema, akiangalia chini. "Ukuta wake ulikuwa wa fito. Usiniulize tena, mwanangu, utaniaibisha."

Hakuuliza. Alielewa pale pale, na aibu ikamwingia ambayo haikumtoka karibu miaka tisa. Wala hatusemi huzuni, tunasema aibu, ile ya kumfanya mtu mzima apite nyuma ya nyumba za watu. Kitu ambacho mama zetu, dada zetu na bibi zetu wanakitunza ndani kwao, ambacho mwanaume hapaswi kukisikia hata kwa mbali, yeye alikitia kinanda akakipigia spika sokoni. Tena alikwenda redioni akasema amekipata kwa Roho Mtakatifu! Siku zake za mwisho alimwambia Brighton kuwa kila alipofika kwenye maneno "Njoo Roho Mtakatifu" kanisani, masikio yalimwaka moto.

Alijaribu kuurudisha. Alinunua CD zake mwenyewe kwa wauzaji, akawasihi vijana wa kuingiza nyimbo kwenye simu waufute. Mbuzi akitoroka unamfuata; wimbo ulioingia kwenye simu za watu utaufuata wapi? Watu wakamuuliza kulikoni. Na hapo ndipo pagumu. Angesema umetoka wapi, kila mwanaume angeusikiliza upya kwa sikio lingine, na wahuni wangeuimba wake za watu wakipita. Kwa hiyo alisema maneno machache tu: "Ule si wangu."

Mnajua mlichosema baada ya hapo. Mlisema fundi kaiba wimbo. Wengine mkasema kamwibia kijana wa studio, wengine marehemu fulani wa Masasi. Kwenye kwaya aliambiwa apumzike kidogo, na kule kupumzika hakukuwa na mwisho. Aneth alirudi kutoka shuleni analia kwa kuitwa mtoto wa mwizi, na hilo lilimvunja baba yake kuliko yote. Neno moja tu lingemsafisha. Usiku ule hakula, asubuhi akamwambia binti yake, "Mama, waache waniite hivyo," akaenda kufungua kibanda. Hata Laurencia hakuambiwa. Alikaa na mume anayeitwa mwizi, akamwamini bila maelezo, na familia inamshukuru kwa hilo.

Kwa bibi Biasha alikwenda mwaka ule ule, na kilo mbili za sukari na doti ya khanga.

"Umekuja kufanya nini, baba?"

"Kuomba radhi, bibi."

"Radhi ya nini?"

Dastani akafungua mdomo, akaufunga. Angetaja, angelivunja lile jambo mara ya pili, na mbele ya kungwi mwenyewe.

"Unaona?" bibi alisema. "Ukitaja, unaongeza. Usipotaja, sijui nakusamehe nini. Kunywa chai yako uende."

Akanywa, akaenda. Kila Idi alirudi. Walizungumza korosho, magonjwa, watoto, paa la bibi, ambalo Dastani alipanda mwenyewe akalibadilisha bati. Lile jambo halikutajwa. Kila mara alirudi Ruangwa akiwa amejikunyata kwenye pikipiki yake, na kinanda hakukigusa tena. Watu walisema anaringa. Kumbe kila tuni iliyomjia aliiogopa, hakujua ni ya nani.

Agosti 2024 alianza kuvimba miguu. Vipimo vikaonyesha figo, kutokana na shinikizo la damu alilolipuuza. Alitibiwa Ruangwa, Nachingwea, kisha hospitali ya rufaa, na mwezi Mei mwaka huu akaomba arudishwe nyumbani. Tarehe 29 Mei bajaji ilisimama mlangoni, akashushwa bibi Biasha, miaka themanini na kitu, ametoka Chiola na vumbi lote la barabara ile. Hakusalimia sana. Alisema wanaume watoke, na Laurencia pia atoke. Tukatoka. Walikaa humo muda mrefu na hatukusikia sauti, maana ukuta wa Ruangwa ni wa tofali. Bibi alipotoka alisema, "Mpeni uji, atakunywa." Akanywa bakuli zima. Brighton alimuuliza wamezungumza nini, akajibu, "Hatukuzungumza. Amenishika mkono tu." Alikuwa analia, na kwa mara ya kwanza tangu uzinduzi ule alimwangalia mdogo wake machoni.

Dastani alifariki tarehe 3 Juni 2025, saa kumi na moja alfajiri, nyumbani kwake Ruangwa, mkewe akiwa pembeni yake.

Jana tulipokuwa tunaandika haya, bibi Biasha alimwita Brighton jikoni, wanawake wakiwa wanachambua mchele. Alisema: "Andika kwamba wimbo ule Dastani hakumwibia mtu. Aliutoa nyumbani kwangu, akiwa mtoto mdogo, bila kujua. Alipojua alinyamaza, akakubali kuitwa mwizi ili sisi tusivuliwe nguo. Hilo liseme mpaka wa mwisho nyuma kule asikie. Unachosema wimbo ule, wanaume msiulize." Akina mama wakaitikia, "Msiulize." Brighton akaahidi, na wanaume wenzake wa hapa anawaomba wamsaidie kuitunza ahadi hiyo kwa kuufuta wimbo kwenye simu zao leo, kabla ya kutoka makaburini.

Brighton alipokuwa anaondoka jikoni, bibi alimwita tena. "Na pale mwisho mnapotaja waliobaki," alisema, "usiniweke kwenye majirani."

Marehemu ameacha mke, mwalimu Laurencia. Watoto wawili, Aneth na Amedeus. Mdogo wake, Brighton. Na mama yake, bibi Biasha Masoudi wa Chiola.

Lala salama, kaka. Mungu akupokee bila aibu.